Kwenye kituo cha mwisho cha mafuta, mume wangu hubadilisha shati

Mama Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 34 na huu ni mwaka wa saba wa ndoa yangu. Mume wangu ni mtu mwema. Nalitanguliza hili kwa sababu najua ukifika katikati ya barua utamwona vingine. Hajawahi kuninyanyulia mkono, hanifichi mshahara, na nikiumwa ndiye anayefua na kuosha vyombo. Shida yetu ni safari moja tu kwa mwaka.

Kila likizo ya kiangazi ukoo wao hukutana nyumbani kwa wazazi wake. Huwa watu arobaini hivi, siku nne. Kutoka kwetu ni kilomita 900 kwa gari, na kusema kweli miaka ya mwanzo ile barabara ndiyo iliyokuwa likizo yangu. Tulikuwa tunafunga mizigo usiku, tunaondoka alfajiri, mimi napandisha miguu kwenye dashibodi ananigombeza, tunaimba, tunasimama popote roho inapopenda. Mambo yetu makubwa yote tuliyapangia garini.

Lakini kuna kituo kimoja cha mafuta, cha mwisho, zikiwa zimebaki kama dakika 40 tufike. Pale husimama kila mwaka hata kama tangi limejaa. Anaingia chooni, ananawa uso, anavua fulana na kuvaa shati la mikono mirefu, anafunga vifungo mpaka cha shingoni. Anayerudi garini si yule aliyeshuka. Ananyamaza kidogo, halafu ananiomba neno. Mwaka wa kwanza: "Usiwaambie kwamba mimi ndiye ninayepika." Tukacheka. Mwaka wa pili aliniomba nisiseme kwamba kazi ya zamani aliiacha mwenyewe, waambiwe walipunguza watu. Sikucheka sana.

Mwaka wa tatu tulianza kutafuta mtoto. Baada ya mwaka na nusu bila kitu tulikwenda hospitali, tukapimwa wote wawili. Mimi sikukutwa na tatizo. Yeye alikutwa na mbegu chache mno, na hizo zilizopo hazina nguvu. Siku ile tulikaa kwenye maegesho karibu saa nzima, mkono wake uko kwenye ufunguo na gari haliwashi. Mimi ndiye niliyevunja kimya. Nakumbuka maneno yangu yenyewe: "Wakiuliza, waache wafikiri ni mimi." Alilia. Nami, Mama, sikufichi, nilijisikia mkubwa.

Mwaka ule mama mkwe aliniuliza kwa upole, faragha, nikasema tunamwachia Mungu. Mwaka uliofuata wifi yangu alinipa jina la daktari wa kina mama. Nikashukuru, nikaliweka kwenye mkoba.

Halafu mwaka jana. Usiku wa mwisho, baada ya chakula, shangazi yake ambaye kwa sasa ndiye mkubwa wa ukoo alisimama akasema kuna mke wetu mmoja ana mzigo, tumsaidie. Akaniita katikati. Wakanizunguka, wengine wakaniwekea mikono tumboni, watoto wanatazama. Nilichungulia chini ya kwapa la mtu nikamwona mume wangu. Alikuwa ameinamia sahani, anasogeza uma kushoto, anausogeza kulia. Hakusema neno. Kilomita 900 za kurudi tulizimaliza kwa "geuza hapa" na "utakunywa maji?"

Hatujalizungumza mpaka leo. Safari ya mwaka huu imebakiza wiki tano. Nilimwambia siendi, akasema tutaongea njiani. Tena safari hii anataka tutoke Ijumaa akitoka kazini, tuendeshe usiku kucha, eti barabara huwa tupu. Nahisi anataka giza ili tusionane nyuso. Jumapili nikamwambia basi, nitakwenda, ila shangazi akianza tena nitasema ukweli mbele ya wote. Hakukasirika. Alinijibu taratibu: "Ulisema mwenyewe."

Ni kweli, nilisema mwenyewe. Rafiki yangu ananiambia nimwage tu mtama, kuku wakiwa wengi wakiwa wachache shauri yao. Siwezi, na kunyamaza pia siwezi. Niende au nisiende?

Niliyechoka kubeba

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili kilichonishika si shangazi wala ile mikono. Ni pale uliposema ulijisikia mkubwa. Wengi wangeifuta sentensi hiyo kabla ya kutuma. Wewe umeiacha, nami nakushukuru, maana ndiyo inayonionyesha pa kuanzia.

Umeuliza kuhusu safari, lakini mimi naona mambo mawili yaliyofungwa kwenye furushi moja. La kwanza ni zawadi uliyompa mumeo pale maegesho, zawadi isiyo na mwisho wala mipaka. La pili ni fedheha uliyoipata mwaka jana mbele ya mtu aliyekuwa na uwezo wa kuisimamisha asiisimamishe. Kwa kuwa yamefungwa pamoja, kila ukigusa moja linaibuka jingine. Ukilalamikia fedheha, anakukumbusha zawadi. Ukitaka kuirudisha zawadi, inakuwa kama unalipiza fedheha. Ndiyo maana "ulisema mwenyewe" ilikuchoma: ni kweli, na wakati huohuo si jibu.

Hebu tulifungue taratibu. Ulimwambia "waache wafikiri." Kufikiri ni jambo la kichwani mwa mtu, halikuhitaji mwili wako usimame katikati ya chumba. Hukusema waache wanishike tumbo. Kutoka kwenye neno lako mpaka kwenye ile mikono kuna hatua nyingi, na hakuna hata moja uliyoulizwa. Je, mumeo anaijua tofauti hiyo? Unachukulia kwamba anaijua kwa sababu alikuwepo. Lakini wewe ulimwona kupitia kwapa la mtu, naye alikuona kupitia migongo ya watu, kisha mkarudi kimya. Wewe umejaza kimya kile kwa maelezo yako, yeye bila shaka amekijaza kwa ya kwake. Huenda kwake ile sahani ilikuwa mahali pekee pa kuweka macho asivunjike. Huenda ilikuwa woga mtupu. Simtetei. Neno moja tu, "Shangazi, inatosha," lingekukomboa wewe bila kumfichua yeye, na hakulisema. Ninachouliza ni kama amewahi kuyasikia haya kutoka kinywani mwako, wewe ukiwa mtulivu na gari likiwa limezimwa.

Kuhusu giza, inawezekana umelisoma sawasawa. Inawezekana pia ni kinyume chake, kwamba mumeo ni wale ambao ulimi wao hulegea tu wakitazama kioo cha mbele na si macho ya mwenzao. Wapo wengi, na wewe mwenyewe umesema mambo yenu makubwa mliyapangia garini. Ila usiku ule wa Ijumaa sitauzungukia. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya vibaya kwenye majaribio sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi haziruhusu mtu kushika usukani akiwa nacho. Mumeo akiamka Ijumaa saa 12 asubuhi, saa 5 usiku ameshafika hapo, na sehemu kubwa ya zile kilomita 900 bado iko mbele. Gari la kilomita 100 kwa saa hula karibu mita 28 kila sekunde. Halafu juu ya usingizi huo mtampakia mazungumzo ya aina hii? Ondokeni alfajiri kama zamani, pokezaneni usukani, simameni kila baada ya saa mbili. Na kwa hili la miguu kwenye dashibodi niko upande wake: puto la usalama likifumuka, magoti yanakufuata usoni.

Sasa lile shati. Nimelifikiria kuliko unavyodhani. Mtu anayepika nyumbani kwake huogopa nini hata kupika kuwe siri? Tazama maombi yake yalivyokua: upishi, kisha kazi, kisha hili. Kila mwaka anapunguza kipande cha nafsi yake ili atoshe kwenye mlango wa kwao, na safari hii kipande kilichopunguzwa kilikuwa cha kwako. Zamani kidogo alikuwepo daktari wa akili wa Marekani, Murray Bowen, aliyesema kwamba watu wawili wakiwa na jambo lisilosemeka kati yao humvuta wa tatu, na huyo wa tatu akishalibeba, wale wawili hutulia. Ukweli ni kwamba mvutano uliopo ni wa mumeo na kwao, kuhusu mwanamume ni nani. Wewe ndiye wa tatu. Bowen huyo, pamoja na ujuzi wake wote, ilibidi apange safari za kurudi kwao kujifunza kuzungumza na ndugu zake mmoja mmoja, bila kupitia mtu wa kati. Mwaka 1967 aliwasimulia wenzake kwenye mkutano, na maelezo hayo yalipochapishwa mwaka 1972 jina la mwandishi halikuwekwa. Kama mtaalamu wa familia alifichwa jina kwa kusimulia mambo ya kwao, tusimshangae sana mumeo na vifungo vyake.

Tena kuna fundo jingine ambalo labda hata yeye hajalifungua. Watu wetu huchanganya uchache wa mbegu na upungufu wa kiume, wakati ni mambo mawili mbalimbali. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu zote na kipimo kikatoka chini. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, linakadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita hukutana na tatizo la uzazi wakati fulani maishani mwake, na madaktari husema upande wa mwanamume huchangia katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hiyo. Sisemi hesabu hii inagawanyika sawasawa kwenye kila ukoo, ila sidhani katika wale arobaini mko peke yenu. Mbegu chache si lazima ziwe mwisho wa habari pia. Tangu mwaka 1992 madaktari wameweza kupata watoto kwa kuingiza mbegu moja tu ndani ya yai. Kama inawafaa ninyi au la, hilo ni la daktari wenu. Hukuniambia kama mliwahi kurudi kule hospitali baada ya siku ile. Nina wasiwasi hamkurudi.

Haya, safari. Unaweza kutokwenda, na mwaka mmoja wa kupumzika si talaka. Kama mwili wako unakataa kusimama tena kwenye chumba kile, usikilize. Lakini jiulize nani atakieleza kiti chako kitupu, na kwa maneno gani. Mume aliyeshindwa kusema "inatosha" mkiwa wote, akiwa peke yake atasema nini? Naogopa atasema "hajisikii vizuri," na ule uongo utapata mwaka mwingine wa kukua, tena juu ya jina lako.

Unaweza kwenda na kusema yote mbele yao. Hasira iliyokufikisha hapo naielewa, na tumbo lililoshikwa ni lako. Ila kipimo kile ni chake. Hata ukisema ya kwako tu, "nimepimwa, sina tatizo," hakuna asiyejua kukamilisha hesabu hiyo. Neno kama hilo halirudishwi, na litabaki na watu arobaini wakiwemo watoto. Utaushinda usiku mmoja, kisha kuna barabara ya kurudi. Halafu kitisho hicho, hata usipokitumia, tayari ni abiria wa tatu garini. Mumeo ataendesha akikitazama kwenye kioo.

Kuna sentensi isiyo uongo wala ufichuzi: "Jambo hili ni letu sisi wawili, tunalishughulikia wenyewe." Naipenda, lakini thamani yake inategemea nani anaitamka. Ukiisema wewe, utaonekana mke mwenye kiburi. Akiisema yeye, akiwa amesimama karibu nawe, mambo mengi hubadilika bila siri yoyote kutoka. Ya kwako wewe ni nyingine, fupi: "Naomba nisishikwe." Hiyo huhitaji ruhusa ya mtu, hata ya mumeo. Hatari ipo. Shangazi anaweza kuudhika, na wanaopenda kukisia watakisia.

Na anaweza, akitaka, kumwambia mtu mmoja kabla ya safari. Namfikiria mama yake, yule aliyekuuliza kwa upole na faragha, maana mtu anayeuliza hivyo mara nyingi anajua kusikia pia. Pengine ameshahisi. Lakini mtu mmoja naye ana mtu wake mmoja, na siri hutembea. Uamuzi huo uache mikononi mwake kabisa. Ukimsukuma, utakuwa ombi jingine la kwenye kituo cha mafuta, safari hii likitoka kwako.

Nisichokipenda ni "tutaongea njiani." Mna wiki tano. Kama gari ndipo mahali penu, sawa, kaeni garini, lakini liwe limesimama. John Gottman, aliyewatazama wanandoa wakibishana kwa miongo kadhaa huko Marekani, alichapisha na mwenzake Carrère mwaka 1999 kwamba dakika 3 za kwanza za mabishano zilitosha kuashiria mengi kuhusu ndoa itakakoelekea. Kwa hiyo usianze na "shangazi yako," wala na kitisho cha Jumapili. Anza na pale chini ya kwapa: "Waliponizunguka, nilikutafuta kwa macho." Kisha nyamaza. Ulikaa saa nzima ukimsubiri awashe gari, kusubiri unakuweza.

Akikurudishia lile neno lake, likubali. Mwambie ndiyo, nilisema mwenyewe, nilisema nikikupenda, na sikujua uzito wake. Sasa naujua, naomba tuliseme upya tukiwa wawili. Usimwombe asiogope. Muulize anaogopa nini hasa, na ni nani, baba yake, shangazi, au kijana aliyekuwa yeye kabla hajaondoka pale. Na ujiulize nawe, maana nina deni la kukuuliza hili: ule ukubwa uliojisikia siku ile, uliupenda kidogo? Mbebaji huwa na heshima yake. Ukishautua mzigo, heshima hiyo nayo utaitua, na si kila mtu huwa tayari.

Anaweza kukujibu kwamba hawezi, kwamba hatafungua kinywa mwaka huu wala ujao. Hilo likitokea, swali la kwenda au kutokwenda litakuwa dogo sana, na ningependa msilikabili peke yenu bali mbele ya mshauri wa ana kwa ana. Lakini bado hajasema hivyo. Amesema maneno mawili tu, tena bila hasira.

Mkienda, mtafika tena kwenye kile kituo. Kwa miaka sita yeye ndiye anayeomba neno pale. Safari hii muwahi kabla hajashuka na shati lake, umwombe wewe la kwako. Na ukirudi, niandikie.